Nukta Kumi na Moja za Mtoto wa Mtemi

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini ukihesabu digrii zilizopita mikononi mwangu hakuna profesa wa kunisogelea. Kibanda changu kipo Nyegezi, njia ya kwenda chuoni, natengeneza fremu za picha na vyeti. Mtu akihitimu anakuja na picha amevaa joho, kofia imekaa upande kama sufuria inayotaka kuanguka jikoni, anataka kioo kisafi na mbao ya rangi ya dhahabu. Namwambia, "Mheshimiwa, digrii yako ipo salama, ila usiigonge. Kioo hicho, siyo akili." Wanacheka, wananishangaa, wanarudi na picha za wadogo zao.

Upande wa kushoto wa kibanda kuna mama anayekaanga kamongo. Kama humjui kamongo, ni yule samaki mrefu mwenye sura ya nyoka aliyekosea njia, anajizika kwenye matope ziwa likikauka. Sura ni mbaya, utamu ni balaa. Mi nilikuwa mteja wake wa kila siku, hata haniulizi, ananikatia kipande cha mkia.

Upande wa kulia kuna steshenari. Msichana anayekaa humo, anayechapa barua za watu na kutoa kopi, ndo sababu ya mimi kuandika haya yote. Ni Mhaya. Wazazi wake wametoka Kagera zamani, yeye kazaliwa hapahapa Mwanza. Nilianza kwa kumuita Nshomile, yaani nimesoma, maana Wahaya kila mtu anajua kwao hata jogoo kasoma. Naye akawa ananiita Msukuma wa fremu. Tulitaniana mpaka siku moja tukagundua hatutanii tena.

Basi nikatuma barua ya posa. Mshenga wangu alikuwa mzee seremala anayeniuzia mbao, mtu mzito wa maneno, nikajua atanisaidia kwa sababu mi maneno yangu mepesi sana. Akaenda, akarudi, akakaa kwenye benchi langu, akavua kofia.

"Wameikataa?" nikamuuliza.

"Hawajaikataa. Wameipokea vizuri, mzee kaiweka ndani ya Biblia."

"Sasa mbona umevua kofia?"

"Joto. Halafu mzee ana swali."

Swali lenyewe lilikuwa hili: upande wa baba, mimi ni wa ukoo gani, na mziro wetu ni nini. Kwa Wahaya kila ukoo una mziro, yaani mnyama au chakula ambacho hawakigusi. Wenye mziro mmoja ni ndugu, hata kama mmoja kazaliwa Bukoba na mwingine kazaliwa mwezini, na ndugu hawaoani. Jumamosi ya wiki inayofuata nilitakiwa niende mwenyewe, nikae mbele ya mzee, nijibu.

Nilicheka. Nilipoona mshenga hacheki, nikaacha.

Maana upande wa baba sikuwa na kitu. Jina la mwisho ninalotumia ni la babu mzaa mama. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nimelelewa na bibi huko Kisesa, na habari za baba nilizowahi kusikia mtaani ni neno moja tu: alitoka ziwani. Sasa ziwani ni wapi? Ziwa hili lina Ukerewe, lina Musoma, lina visiwa ambavyo hata mvua haivijui. Na ng'ambo ya pili lina Bukoba. Nikapiga hesabu kimyakimya nikapata jibu baya: inawezekana kabisa miaka miwili nimekuwa namtongoza dada yangu.

Siku mbili baada ya mshenga kurudi akaja bibi mmoja wa Kizungu. Alikuwa muuguzi, kastaafu, kakaa vijiji vya huku miaka mingi mpaka Kiswahili chake kina Usukuma kuliko changu.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia kwa Kisukuma, mayu yaani mama. "Shikamoo."

"Marahaba. Una kioo kikubwa?"

Alikuwa kabeba karatasi imeviringishwa ndani ya khanga. Tukaifungua juu ya meza, mi huku, yeye kule, ikajaa meza yote ikabaki inaning'inia. Karatasi nene, ya njano kama meno ya mvuta sigara. Juu kabisa mwanaume na mke wake, chini yao mistari inashuka, kila mstari na mtoto, kila mtoto na mistari yake. Mti wa ukoo, lakini umepinduliwa, shina juu, matawi chini.

"Huu ni ukoo wangu," akasema. "Huyu wa juu aliishi kwenye miaka ya elfu moja mia saba na kitu. Uingereza."

"Alikuwa mfalme?"

"Hapana. Chini ya mfalme. Alikuwa na ardhi, na watu waliokaa juu ya ardhi yake, na nyumba ambayo vyumba vyake hakuvijua vyote."

"Basi mtemi."

"Haya. Mtemi."

Akaniachia mzigo, akasema atarudi kesho kutwa. Alichotaka ni kioo na fremu tu. Nakiri hapa, mbele ya wasomaji, kwamba hakuniomba kitu kingine chochote.

Ila mi nina ugonjwa. Siwezi kuona kitu kimefifia nikakiacha. Watu wakiniletea picha za marehemu zilizochakaa, nachukua peni yenye ncha nyembamba nawarudishia vifungo vya shati, nawarudishia ukosi, nyusi zilizokwenda na unyevu nazichora upya. Marehemu wengi wa Nyegezi wanaangalia dunia kwa nyusi zangu. Hakuna aliyewahi kulalamika, ndugu zake wala yeye.

Na mistari ya ile karatasi ilikuwa imefifia. Nikaanza juu, rula na peni, taratibu, nikashuka na watoto wa mtemi mmojammoja. Kando, upande wa kulia wa mtemi, palikuwa na jina la mwanamke limekaa peke yake kama mtu aliyefika harusini bila kadi. Kati yake na mtemi, halafu kushuka mpaka kwa mtoto mmoja wa kiume, mstari ulikuwa umekatikakatika. Vipande vipande, nafasi, kipande, nafasi. Nikasema, hapa mende wamekula.

Nshomile wangu akachungulia kutoka steshenari. "Una uhakika hapo?"

"We kaa na mashine yako."

"Mbona sehemu zingine hawajala?"

"Mende wana akili? Wanakula wanapoona patamu."

Nikaweka rula, nikavuta mstari mmoja mweusi, umenyooka kama lami mpya. Ukapendeza. Nikajipongeza kwa kipande cha mkia cha kamongo.

Bibi wa Kizungu alipokuja nikamuonyesha karatasi kabla sijaifunika kioo, kama mpishi anayefunua chungu. Akavaa miwani. Akaangalia.

"Umewaoza," akasema.

"Nani, mayu?"

"Mtemi na dobi wake."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, mpaka Nshomile akatoka kuangalia kama kuna msiba au harusi. Alipomaliza akafuta macho, akanieleza. Zile hazikuwa kazi za mende. Zilikuwa nukta, zimewekwa makusudi. Huyo mwanamke wa kando alikuwa anafua mashuka kwenye ile nyumba ya vyumba vingi. Mtemi akazaa naye kabla hajaoa. Nukta maana yake ni mtoto wa nje ya ndoa.

"Na kwa sheria yao," akasema, "mtoto wa kwanza wa kiume wa ndoa anachukua kila kitu. Nyumba, ardhi, cheo. Wadogo zake wanapewa jeshi au kanisa. Huyu wa dobi ni mkubwa kuliko wote. Sasa wewe umempa ndoa."

"Kwa hiyo nyumba ni ya kwake?"

"Kwa peni yako, ndiyo. Na mimi nimetoka kwa huyu. Kwa hiyo nyumba ni yangu."

"Basi hongera, mayu! Tutakuja kukutembelea."

Nilitegemea acheke tena. Hakucheka. Akaweka kidole juu ya ule mstari wangu wa lami. "Nirudishie nukta zangu, fundi."

Hapo ndo nikaanza kushangaa. Nimempa mtu babu halali, mstari mzima, bure, halafu anaukataa! Nikamwambia ukweli wangu, kwamba wino huo unaweza kutoka kwa wembe, kwa kukwangua polepole bila kutoboa, lakini ni kazi ya siku kadhaa, na bila kujua kila nukta ilikaa wapi siwezi. Akasema anazijua. Zipo kumi na moja. Atakaa na mimi anionyeshe.

Akakaa alasiri tatu. Mi nimeinama na wembe, yeye kwenye benchi la wateja na chupa yake ya chai. Na kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa bure, nikawa nauliza.

"Hawa wawili mbona wana jina moja, na wote watoto wa mtemi?"

"Wa kwanza alikufa na ndui. Aliyefuata wakampa jina lilelile."

"Hata sisi tunarudisha majina. Ila tunarudisha ya mababu. Ya mtoto aliyekufa juzi tunaogopa."

"Na wao waliogopa. Lakini jina la mtemi lilitakiwa liwepo."

Watoto kumi na wawili, saba hawakufika kutembea. Nilizikuta zile tarehe zao ndogondogo, kuzaliwa na kufa mwaka mmoja, mfululizo, kama vifungo. Nikamfikiria yule mama wa ndani ya ndoa, na nyumba yake yote ile ya vyumba.

Chini kidogo nikakuta mambo. "Mayu, huyu kamuoa nani hapa? Mbona mistari yao inakutana tena juu?"

"Binamu yake. Mtoto wa baba yake mdogo."

Nikaacha wembe. "Kwetu huyo ni dada! Dada kabisa! Watu wazima, na wigi zao, wakakaa wakakubali?"

"Walifanya sherehe siku tatu. Ardhi ilikuwa haitoki nje."

Nshomile akapaza sauti kutoka dirishani kwake, "Kumbe na wewe hujachelewa, unaweza kupata ardhi!" Maana yeye alishajua hofu yangu, na ndivyo anavyotibu hofu, kwa kuikanyaga.

Kulikuwa na mmoja, kitindamimba, mstari wake ulikuwa umepambwa kwa wino mzuri kuliko wote. Nikauliza huyu naye alipata wapi mali, kama kaka yake alibeba kila kitu. Bibi akamimina chai. "Visiwa vya sukari," akasema. "Alikuwa na mashamba huko. Na watumwa. Wao hawapo kwenye karatasi hata kwa nukta." Nilikuwa na utani umeshafika ulimini kuhusu sukari ya kwenye chai yake. Nikaumeza.

Siku ya pili nikamuuliza lililokuwa linaniwasha. "Mayu, mstari ungekudhuru nini?"

Akanionyesha msichana mmoja, binti wa ile nyumba kubwa, mstari wake unaishia kwake. Hakuolewa. Huyo ndiye aliyechora karatasi yote, uzeeni mwake, kwa mkono wake. Ndugu zake walimwambia huyu wa dobi amuache, hata vitabu vyao vya ukoo havikumtaja. Akamuweka.

"Alijua kuchora mstari," bibi akasema. "Rula alikuwa nayo. Akaweka nukta kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Babu yangu aliishi maisha yake yote watu wakijua ni mtoto wa nani na hakuna anayesema. Huyu ndiye mtu pekee aliyemsema. Wewe ukiweka mstari, umemfuta tena, kwa upole tu."

Nikakwangua kidogo. Halafu nikasema, "Lakini kwetu huyu asingekuwa na nukta. Kwa Wasukuma, kama ng'ombe wa mahari hawakuja, mtoto ni wa kwa mama yake. Basi. Angekuwa na babu, wajomba, shamba, kila kitu. Angekuwa kwenye mti wa dobi."

"Dobi hana mti kwenye karatasi hii."

"Basi tatizo ni karatasi, siyo mtoto."

Akaniangalia juu ya miwani. "Na wewe, mti wako ukoje?"

"Mi nimeota tu, mayu. Kama gugu."

"Hujawahi kumuuliza bibi yako?"

"Kila nikienda. Anasema walininunua mnadani wakidhani ni mbuzi."

"Na wewe unamuulizaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakumbuka ninavyomuuliza. Kila mara nimesimama mlangoni, mkono kiunoni, nasema: "We bibi kizee, hebu leo nitajie yule mkwe wako aliyenizaa!" Anajibu upuuzi, nacheka, anacheka, tunakula. Tangu darasa la pili.

Nilimaliza nukta kumi na moja Alhamisi. Ijumaa nikafunga kibanda, nikaenda Kisesa.

Bibi yangu alikuwa amekaa uani anabangua karanga. Akaniona tangu mbali. "Karibu, mume wangu! Umekuja kunichukua au umekuja kula?"

Nikavua kofia. Nikachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, bibi."

Karanga zikaacha kulia. Mimi na bibi hatujawahi kupeana shikamoo, sisi ni watani, mtu na mke wake mzee. Akanishika mkono. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Bibi, baba yangu alikuwa nani?"

Akanitazama usoni, anatafuta pale ninapofichaga kicheko. Hakukiona. Akarudi kwenye karanga zake, akabangua tatu, nne, akaanza kusema kana kwamba alikuwa ameacha sentensi katikati tangu jana.

"Alikuwa Mkerewe. Fundi baiskeli. Alikuja hapa siku za mnada, anakaa chini ya kibanda cha mabati, anaziba pancha. Mikono yake ndo hiyo unayotembea nayo. Hawezi kuona kitu kimekatika akakiacha, hata kama siyo cha kwake. Alinitengenezea hiyo stuli uliyoipita mlangoni, sikumuomba."

Fundi baiskeli! Miaka yote nimemuweka kwenye maji, kumbe mtu wa nchi kavu kabisa.

"Kwao hawakuleta ng'ombe. Walisema watakuja. Akaugua, akafa, hujaanza kutembea. Ndo wakaja sasa, wajomba zake na baba yake, wanataka kukuchukua. Babu yako akawaketisha, akawapa maziwa, akawauliza: ng'ombe wako wapi? Wakaangalia chini. Wakanywa maziwa, wakaondoka. Hawakuwa watu wabaya."

"Mbona hukuniambia?"

"Babu yako alisema mtoto ataambiwa siku akiuliza."

"Bibi! Nimeuliza tangu sijaota ndevu!"

"Ulikuwa unatania. Na mimi nikakutania. Swali la kucheka linajibiwa kwa kucheka, ng'wanawane, mwanangu." Akapuliza maganda. "Na niliogopa. Ukishajua kwao, si utaenda?"

Nikachukua karanga nikaanza kubangua na mimi. Baadaye nikamuuliza jina lake, akalitaja. Nikamuuliza na ukoo. Akasema majina ya koo za Kikerewe yalimpita. "Ila mwiko wao naujua, kwa sababu nilimpikia. Siku ya kwanza kuja kula hapa nilimpikia kamongo. Akaweka kiganja juu ya sahani, hivi, kama mtu anafunika kidonda. Akaisogeza kwa mama yako. Akasema, mnisamehe, kwetu hatumli."

Nikaanza kuhesabu mikia yote ya kamongo niliyokula, nikaishia njiani.

Nilirudi Nyegezi jioni hiyo, Nshomile anafunga dirisha la steshenari. Sikumsalimia hata.

"Kamongo unakula?"

"Nani, mimi? Hapana."

Nikazuia dirisha kwa mkono. "Kwa nini?"

"Sijui. Kwetu kamongo haingii nyumbani, tangu tukiwa wadogo. Mama hataki hata jina."

"Ni mziro?"

Hapo naye akaelewa. Akasema hajui. Wao wamekulia mjini, mambo ya mziro baba hakuwahi kuwasimulia. Usiku akampigia simu baba yake amuulize. Mzee akamjibu, "Nimemuuliza kijana, sijakuuliza wewe." Maana baba yake ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hatoi majibu kabla ya mtihani.

Jumamosi asubuhi nikachukua karatasi ya manila. Nshomile akanitumia ujumbe kwamba anaweza kunichapia kwenye kompyuta, safi, na maua pembeni. Nikakataa. Nikachora kwa mkono. Babu na bibi juu, mstari kamili mpaka kwa mama. Kando, jina la fundi baiskeli, ambalo nilikuwa nalijua kwa siku moja. Kati yake na mama, na kushuka mpaka kwangu, nikashika rula. Nikaiweka chini. Nikatia nukta kumi na moja.

Mzee alitupokea sebuleni, mimi na mshenga. Shikamoo, marahaba, karibuni. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi, na nilijua kwa jinsi vyombo vilivyokuwa havilii kwamba anasikiliza. Mshenga akasema maneno yake mazito. Kisha mzee akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akavaa miwani na, kwa mazoea ya miaka, akatoa kalamu nyekundu mfukoni.

Akasoma kama anasahihisha. Kalamu ikashuka, ikasimama.

"Hapa karatasi imeliwa?"

"Hapana, mzee. Ndivyo ilivyokuwa."

Akaniangalia. Akarudi kwenye karatasi. "Mkerewe."

"Ndiyo, mzee."

"Unajua Wakerewe na sisi kuna koo zimevuka maji? Ndugu zetu wa Ihangiro, kule Kagera, wapo mpaka huko."

"Sikujua, mzee. Sasa najua." Na laiti nisingejua.

"Mziro?"

Ningeweza kusema kitu kingine. Niseme twiga, nani angekwenda kuwauliza? Mstari mmoja tu wa uongo, umenyooka, unapendeza.

"Kamongo," nikasema.

Jikoni kijiko kikaanguka. Mzee akavua miwani polepole. "Kamongo haingii ndani ya nyumba hii," akasema. "Binti yangu amekuambia?"

"Ameniambia."

"Na unajua kwa nini?"

Nikaangalia chini, kama wale Wakerewe walivyoangalia chini mbele ya babu yangu. "Mziro, mzee."

"Mziro gani!" Mama mkwe alishafika mlangoni, mwiko mkononi. "Mimi ndo simtaki! Samaki gani ana sura kama nyoka, unamkata bado anakuangalia! Nilimwambia huyu siku ananioa, ukimleta yule kiumbe narudi kwetu."

"Mama," mzee akasema, "nilikuwa nataka kijana aseme kwanza."

"Ameshasema! Unamtesa tu mtoto wa watu!"

Mshenga akacheka, mtu mzito yule, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Mzee akakunja midomo kuzuia yake. Akaniambia mziro wao ni pongo, yule mnyama wa porini mwenye madoa. Tangu ahamie Mwanza hajawahi kukutana na pongo hata mmoja, na hamli vilevile.

Nilidhani tumemaliza. Bado. Akagonga karatasi kwa kalamu.

"Wewe kamongo unamla?"

"Namla, mzee. Sana."

"Sasa? Kwa desturi yenu wewe ni wa kwa mama, unaweza kuendelea. Kwa desturi yetu mtoto anafuata baba. Mimi sikuchagulii."

Nikaufikiria ule mkia, ulivyokauka vizuri kingo, na chumvi, na pilipili. Nikawaza kwamba yule mtu kaniachia mikono, ambayo sikujua ni yake, na stuli moja mlangoni Kisesa ambayo nimeirukaruka tangu utoto.

"Namuacha, mzee."

"Kwa ajili ya kutufurahisha?"

"Hapana. Yeye mwenyewe sina kitu chake kingine cha kushika."

Mzee akavaa miwani tena. Kisha akainama, na pembeni kabisa ya manila, usawa wa zile nukta, akaweka alama ya vyema na kuandika neno moja kwa wino mwekundu: Vema. Tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hivyo, na nilipokuwa shule pia waliandika kwa nadra. Mama mkwe akasema chakula kinapoa.

Ile karatasi yake bibi wa Kizungu aliichukua Jumapili, na nukta zake zote ndani ya kioo, tukaibeba watu wawili mpaka kwenye gari. Aliniuliza habari za gugu. Nikamwambia limepata shina.

Jumatatu nikafungua kibanda. Mama wa kamongo alikuwa ameshawasha jiko, mafuta yanaimba, akaniona, akachomoa kisu bila kuniuliza, akaushika mkia.

"Leo usinikatie, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kwetu hatumli."

Akasimama na kisu chake juu, akanitazama kuanzia ndala mpaka kofia. "Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi," nikasema, nikaingia ndani kukata kioo.